Kuweka Nguvu Ndani ya Shaba: Mwongozo kwa Anayetunga Riwaya ya Uchawi wa Metali, Kuanzia Gerezani

Mkuki haukumdhuru Fumo Liongo, wala mshale. Wasimulizi wa pwani wanakubaliana kwamba mwili wake ulikuwa na siri moja: achomwe kitovuni kwa sindano ya shaba. Wako wanaosema ni msumari, lakini shaba haibadiliki, na aliyetumwa kuitumia alikuwa mwanawe wa kumzaa. Edward Steere alikichapa kisa hicho mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka 1913. Hadithi yote imesimama juu ya kanuni moja ya metali, na kanuni hiyo bado inawafanya watoto wa leo wasogee karibu na msimulizi.

Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kutunga riwaya ya namna hiyo: kijana mwenye daftari, mfanyabiashara anayeandika kwenye simu akisubiri wateja, mwalimu aliyestaafu. Unahusu uchawi wa aina moja tu, ule ambao mtu huweka sehemu yake mwenyewe ndani ya metali, iwe nguvu, usingizi, uzito au kumbukumbu, kisha huichukua siku anayoihitaji. Mahali pa kujifunzia ni Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam. Mtu akikosa mawazo ya metali hapo, basi hajatembea.

KWA NINI METALI

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa Mmarekani Brandon Sanderson, aliyeanza mfululizo wake wa Mistborn mwaka 2006. Ndani yake wamo watu wa Terris, ambao huvaa bangili, pete na hereni za metali na kuhifadhi humo hali zao wenyewe. Chuma huhifadhi uzito, shaba huhifadhi kumbukumbu, bronzi huhifadhi hali ya kuwa macho, dhahabu huhifadhi afya. Anayetaka afya kesho sharti augue leo. Anayeweka kumbukumbu kwenye shaba huisahau mpaka aitoe tena. Na kwa kawaida aliyeweka ndiye pekee anayeweza kutoa.

Mfumo huo unapendwa kwa sababu hauna cha bure. Msomaji wa Kariakoo anaielewa kanuni hii bila kufundishwa, maana ameishi nayo: amecheza upatu, amejiunga na kikoba, ameweka rehani mkufu wa mama yake ili apate mtaji. Anajua kwamba anayepokea mwezi huu alijinyima miezi iliyopita.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya ufundi. Metali ni kitu kinachoshikika. Hupimwa kwa kilo, huibwa, hurithiwa, hushika kutu, huyeyushwa na kugeuzwa sufuria. Kila kimoja kati ya vitendo hivyo ni sura nzima ya riwaya. Nguvu inayoishi hewani haiwezi kuuzwa skrepa; nguvu iliyomo kwenye bangili inaweza.

Tena fikra hii si ngeni kwetu. Wahaya wa Kagera na Wafipa wa Rukwa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu ufundi wa Buhaya, baada ya wazee waliojua kazi hiyo ya zamani kuirudia mbele yao. Katika jamii hizo tanuri lilionwa kama mwili wa mwanamke na chuma kama mtoto anayezaliwa. Wafua chuma walijiepusha na tendo la ndoa kwa muda wote wa kazi, wakiamini kwamba asiyejizuia angeharibu chuma. Soma tena sentensi hiyo kwa jicho la mtunzi: mtu anajinyima kitu chake cha ndani ili metali izaliwe na nguvu. Mfumo wa uchawi uko pale, tayari, na una wenyewe.

HATUA YA 1: TEMBEA KWANZA

Usianze na jedwali la nguvu. Anza na miguu, kwa sababu maelezo yatakayomfanya msomaji akuamini ni yale ambayo huwezi kuyabuni ukiwa umekaa kitandani.

1. Shuka mwendokasi kituo cha Gerezani asubuhi. Fuata mlio wa nyundo mpaka kwa mafundi wanaokunja bati, wanaochomelea mageti na wanaotengeneza majiko. Angalia mikono yao, makovu ya moto, namna wanavyotambua chuma kibovu kwa kukigonga na kusikiliza. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usiwazuie kazi.

2. Ingia Kariakoo kwa miguu, upite Msimbazi na Kongo. Watazame wabeba mizigo, mikokoteni na maguta. Uzito ni lugha ya mtaa huu; mtu anathaminiwa kwa magunia anayoweza kuyainua.

3. Tafuta mnunuzi wa vyuma chakavu. Angalia mizani yake na jinsi shaba, alumini na chuma vinavyotengwa, kila kimoja na bei yake. Uliza bei ya siku hiyo uiandike.

4. Vuka Mnazi Mmoja uende kwenye maduka ya masonara, Mtaa wa Indira Gandhi. Muulize sonara anavyoipima dhahabu na anavyoitambua ya kuchovya.

5. Malizia kwenye sanamu ya Askari, Barabara ya Samora, kisha Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert.

Sanamu ile inastahili robo saa yako. Ni ya bronzi, ilizinduliwa mwaka 1927, na maandishi yake yanawakumbuka askari Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia pamoja na wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Jina Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, kilichokuwa na kambi yake hapo. Maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Sasa kumbuka kwamba katika mfumo wa Sanderson bronzi ndiyo huhifadhi kuwa macho. Mtunzi wa Dar es Salaam ana askari wa bronzi aliyekesha kwa karibu miaka 100 katikati ya jiji, na umbali mfupi kutoka hapo ana mtaa mzima unaobeba jina la watu waliokufa kwa kuchoka. Je, usingizi wa wapagazi wale ulikwenda wapi? Swali hilo peke yake linaweza kubeba riwaya.

HATUA YA 2: CHAGUA METALI CHACHE

Tatu au nne zinatosha. Ukiweka 16, msomaji ataanza kufunua nyuma kutafuta ipi ilikuwa ya nini, na kila anapofunua anatoka ndani ya hadithi. Chagua zile ambazo mhusika wako angezikuta njiani akienda kazini, na acha tabia halisi ya metali ikuongoze kwenye nguvu yake.

SANDUKU: TABIA ZA METALI NA UNACHOWEZA KUZIFANYIA

Chuma. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538 za Selsiasi, kwa hiyo jiko la mkaa la nyumbani haliwezi kukiyeyusha. Adui yake ni kutu, na Dar es Salaam, yenye upepo wa chumvi kutoka baharini, ni mahali pabaya pa kukiweka bila rangi. Ukihifadhi ujasiri ndani ya chuma, kutu itaula.

Shaba nyekundu. Huyeyuka kwenye 1,085. Hushika ukijani lakini hudumu karne nyingi. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao na sifa za Mungu kwa maneno ya vina. Mmoja wao, Nasir ad-Dunya, anajulikana kwa sarafu zake tu; tarehe ya Kilwa haimtaji. Mwaka 1944 sarafu za Kilwa ziliokotwa hata kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ni kumbukumbu iliyosafiri mbali bila mwenyewe.

Shaba ya njano. Ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Mwaka 1916 Wajerumani waliozingirwa walipiga sarafu za heller mjini Tabora kwa kutumia maganda ya risasi na mizinga. Metali iliyoua ikageuzwa ya kununulia unga.

Zinki. Ndiyo inayopakwa juu ya bati la paa. Inapokaa na chuma mahali penye unyevu, zinki huliwa kwanza na chuma hubaki salama. Ni metali yenye moyo wa dada mkubwa.

Alumini. Ni nyepesi, takriban theluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule, na huyeyuka kwenye 660 tu. Mafundi huimimina kwenye kalibu kutoka vipuri chakavu na kupata masufuria. Inafaa kwa nguvu zinazopatikana haraka na kupotea haraka.

Fedha. Katika Mistborn haina kazi yoyote, kwa hiyo nafasi iko wazi kwako. Pwani yetu ilijaa riale za Maria Theresa, zote zenye tarehe ya 1780 hata zilizopigwa miaka mingi baadaye, na nyingi ziliyeyushwa zikawa vikuku na hirizi.

Dhahabu. Haishiki kutu. Tabora hiyohiyo, mwaka 1916, ilitoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Bei yake ni juu mno kwa mhusika maskini, na hapo ndipo mgogoro unapoanzia.

HATUA YA 3: WEKA GHARAMA MWILINI

Gharama isiyouma haisomeki. Ukisema mhusika "alitoa nguvu nyingi," hujasema kitu. Sema mama ntilie anayeweka usingizi kwenye bangili ya bronzi hulala saa 14 siku ya Jumapili, watoto wakijipikia wenyewe, ili apate kukesha sikukuu inapokaribia na wateja wanapofurika. Sema mwanawe wa mwisho amejifunza kutembea siku hizo za usingizi, na yeye hakuona.

Kwa kila metali uliyochagua, andika mambo matatu kwenye ukurasa mmoja:

• Mtu anaonekanaje anapoweka? (Anapauka? Anapungua? Anasahau jina la jirani?)
• Anaonekanaje anapotoa?
• Nani mwingine analipa akiwa hajui?

Swali la tatu ndilo watunzi wengi huliruka, na ndilo lenye machozi. Hakuna mtu wa Kariakoo anayeishi peke yake. Afya unayoiweka kwenye dhahabu kwa kuugua mwezi mzima imelipwa pia na dada aliyekuuguza na kufunga kibanda chake.

HATUA YA 4: PIGA HESABU, UIHESHIMU

Chukua mbeba mizigo mwenye kilo 70. Usiku anaweka nusu ya uzito wake kwenye bangili ya chuma kwa saa 8. Akiba yake ni kilo 35 mara saa 8, yaani 280. Akitaka kujiongezea kilo 140 ili asisukumwe na mtu, ana saa 2. Akitaka kilo 280, ana saa 1. Akitaka tani nzima, hafikishi hata dakika 17.

Hesabu hii ndogo inazaa matukio yenyewe. Usiku ule akiwa na kilo 35, upepo wa kusi unaweza kumyumbisha darini. Mchana akiwa na tani, hawezi kusimama kwenye mkokoteni, wala kwenye ngazi ya mbao, wala juu ya kifuniko cha mtaro. Adui aliyemhesabia dakika 17 atakaa pembeni, atamsubiri mpaka ziishe. Mtunzi hana haja ya kubuni vikwazo vingine; hesabu imeshavileta.

Weka daftari la akiba kwa kila mhusika, kama mhasibu wa kikoba. Kila anapoweka, andika. Kila anapotoa, punguza. Ukifika sura ya 20 ukakuta salio ni sifuri na shujaa yuko hatarini, usimwongezee kwa siri. Mwache ahangaike.

HATUA YA 5: AMUA NANI ANARUHUSIWA KUTOA

Sanderson aliufunga mlango huu kwa sehemu kubwa: mwenye kuweka ndiye mwenye kutoa. Uamuzi wake ulifaa hadithi yake. Kwa riwaya ya Kariakoo kuna sababu nzuri ya kuufungua kidogo, kwa kuwa uhai wa mtaa huu ni mali kupita mkono kwa mkono. Jaribu mojawapo kati ya hizi, na uchague moja tu:

a) Mrithi wa damu anaweza kutoa. Hapo msiba unageuka ugomvi wa bangili, na shangazi aliyemlea marehemu bila kumzaa anabaki mikono mitupu.

b) Aliyepewa kwa ridhaa na mbele ya mashahidi anaweza kutoa. Hapo unahitaji wazee, na unahitaji matapeli wanaoghushi ridhaa.

c) Mkopeshaji anaweza kutoa, mkataba ukivunjika. Kila msomaji wa Dar es Salaam anaijua mikopo ya kausha damu, inayomfanya mama auze kitanda ili alipe riba ya wiki. Fikiria mkopo ambao dhamana yake ni miaka ya ujana, imewekwa kwenye kikuku cha fedha, na mkopeshaji ana vikuku 200 ukutani. Uchaguzi huu ndio wenye nguvu kuliko yote, kwa sababu hauhitaji joka wala mfalme wa giza. Adui anakaa kwenye duka lenye feni, na stakabadhi zake ziko sawa.

HATUA YA 6: LIACHE SOKO LIIGUSE NGUVU

Hapa ndipo riwaya nyingi za fantasia hudhoofika. Zinawapa watu 10 nguvu za ajabu, halafu bei ya nyanya inabaki ileile. Haiwezekani. Kitu chochote chenye thamani kikifika Kariakoo kinapata jumla na rejareja, kinapata bandia, kinapata dalali na mgambo.

Keti na daftari ujibu: Nani anauza bangili tupu, na wapi? Bandia hutengenezwaje? (Chuma kilichochovywa shaba kitanaswa na sumaku, shaba tupu haitanaswa, tayari una njia ya kupima na sura ya mtu aliyenunua bila kupima.) Serikali inatoza nini? Wauza nguo wa Mtaa wa Kongo wanawaonaje watu wanaobeba mzigo wa watu wanne? Shule inafanyaje na mwanafunzi aliyeingia chumba cha mtihani na pete ya shaba?

Kisha jiulize kuhusu skrepa. Wizi wa vyuma ni jambo la kweli: vifuniko vya mitaro, alama za barabarani na nyaya za shaba huibwa na kuuzwa kwa kilo. Biashara ya vyuma chakavu nayo inasimamiwa kwa vibali vya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Sasa mzee amefariki Ilala. Kwenye sanduku lake mna kitasa cha shaba kilichobeba kumbukumbu zake zote za mwaka 1961, usiku bendera ilipopandishwa. Mjukuu hajui. Anakiuza. Jioni ile kinaingia kwenye tanuri pamoja na nyaya na mabomba. Kumbukumbu zinakwenda wapi shaba ikiyeyuka? Zinapotea? Zinachanganyika na za watu wengine, kiasi kwamba atakayevaa bangili mpya ataota usiku wa uhuru wa mtu asiyemjua? Mtunzi atakayelijibu swali hilo kwa uaminifu atakuwa ameandika kitu ambacho hakijaandikwa.

HATUA YA 7: MWONYESHE MSOMAJI KANUNI KABLA YA KUITUMIA

Mwaka 2007 Sanderson aliandika kanuni yake ya kwanza: uwezo wa mwandishi kutatua tatizo kwa uchawi unategemea kiasi ambacho msomaji anauelewa uchawi huo. Kwa maneno mengine, kama bangili itamwokoa shujaa sura ya 30, tumeshaiona ikifanya kazi sura ya 5, kwa jambo dogo na bila shangwe.

Kanuni hiyo ina upande wa pili unaouma zaidi. Katika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, Ebrahim Hussein anatuonyesha maji yaliyoaminiwa kuwa kinga dhidi ya risasi za Wajerumani katika vita vya Maji Maji. Mtazamaji anajua mpaka wa nguvu ile, wapiganaji hawaujui. Pengo kati ya anachojua mtazamaji na wanachoamini wahusika ndilo linaloumiza. Nawe unaweza kumpa msomaji wako salio la bangili, ukamnyima mhusika.

MAKOSA YANAYORUDIWARUDIWA

Kunakili mfumo wa Sanderson metali kwa metali. Sheria ya hakimiliki hailindi wazo la kuhifadhi nguvu ndani ya metali, kwa hiyo wazo unaweza kulitumia. Inalinda jinsi wazo lilivyoandikwa: watu wake, ulimwengu wake. Tena wasomaji wa Mistborn watakugundua ukurasa wa tatu.

Kutumia msamiati wa mbali. Mafundi wana maneno: tindo, fuawe, mvukuto, kalibu, nondo, kuchomelea, kumimina. Benki na vikoba vina maneno: salio, dhamana, hisa, riba. Jenga istilahi za uchawi wako kutoka humo.

Kueleza kanuni zote katika sura ya kwanza. Kanuni moja kwa tukio moja inatosha.

Kudhani kwamba fantasia ni jambo la wageni na hivyo mhusika awe na jina la kigeni. Shaaban Robert aliandika Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952. Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata. Nchi isiyokuwapo ni ardhi ya zamani katika fasihi ya Kiswahili.

TAHADHARI

Kuna mambo matatu ya kuangalia kwa moyo wote.

La kwanza ni zito kuliko mengine. Katika ulimwengu wa Mistborn upo pia uchawi wa kumnyang'anya mtu sifa zake kwa kumchoma mwiba wa metali mwilini. Tanzania imewazika watoto na watu wazima wenye ualbino waliouawa au kukatwa viungo kwa sababu kuna walioamini mwili wa mtu hubeba utajiri. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli mwezi Januari 2015 kwa sababu hiyo. Usitumie viungo vya binadamu kama kiungo cha kunogesha hadithi. Ikiwa riwaya yako lazima iguse unyang'anyi wa aina hiyo, mpe aliyenyang'anywa jina, familia na sauti, na usimwache muuaji afaidike kwa namna ambayo msomaji mmoja mjinga ataiona kama maelekezo.

La pili: hirizi ya fedha iliyo shingoni mwa mtoto wa jirani ina maana kwa watu wanaoishi. Iandike kwa heshima ileile ambayo ungetaka dini yako iandikwe. Vilevile, ghorofa liliporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na watu wakafa. Ukitunga tukio la jengo kuanguka kwa uzito wa uchawi, jua kwamba atalisoma aliyempoteza ndugu pale.

La tatu ni la usalama wako. Usijaribu kuyeyusha metali nyumbani ili "uone inavyokuwa." Tone la maji kwenye alumini iliyoyeyuka hulipuka, na moshi wa zinki kutoka bati linalochomwa huleta homa na kubana kifua. Nenda kwa fundi, mlipe muda wake, simama mbali.

ORODHA YA KUKAGUA RASIMU

☐ Metali hazizidi nne, na kila moja ina tabia inayotokana na tabia yake halisi.
☐ Kila nguvu ina gharama inayoonekana mwilini, na kuna mtu mwingine anayeilipa.
☐ Daftari la akiba limekaguliwa sura kwa sura. Hakuna salio lililoongezwa kwa siri.
☐ Kanuni ya nani anaruhusiwa kutoa haibadiliki katikati.
☐ Bandia, dalali na mkopeshaji wamepata nafasi.
☐ Fundi mmoja na mwanamke mmoja anayefanya biashara sokoni wameisoma rasimu, nawe umesikiliza walipocheka mahali usipokusudia.
☐ Kila suluhisho la kichawi limetangulizwa na tukio dogo la aina yake.

RASIMU IKIKAMILIKA

Isajili kazi yako COSOTA, taasisi ya hakimiliki iliyotokana na Sheria Na. 7 ya mwaka 1999. Haki yako huanza unapoandika, lakini usajili hukupa ushahidi siku ya mzozo. Ukichapisha mwenyewe, namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, unaweza kwenda kwa miguu kutoka Kariakoo. Ukitaka mchapishaji, soma kwanza vitabu vyake vya miaka ya karibuni ndipo utume sura tatu na muhtasari wa ukurasa mmoja. Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, iko hapahapa Dar es Salaam.

Zipo pia tuzo mbili za kuzifuatilia. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell ilianzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ikifadhiliwa na watengenezaji wa mabati, na inawakaribisha waandishi wa Kiswahili wenye miswada ambayo haijachapishwa. Masharti hubadilika: soma tangazo la mwaka husika mpaka mwisho, hasa idadi ya maneno na tarehe ya mwisho, na utume siku kadhaa kabla ya tarehe hiyo.